Kiingereza cha watu wazima kifundishwe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloniuma. Madarasa ya jioni ya Kiingereza kwa watu wazima yameongezeka, na katika baadhi yake sheria ya kwanza ni kwamba humu ndani Kiswahili marufuku. Nilisoma miezi minne katika darasa la namna hiyo nilipokuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Sasa nafundisha mwenyewe, jioni mbili kwa wiki, katika chumba cha kuazima hapa Marangu Mtoni, na nina sababu za kuipinga sheria hiyo.

Darasani kwetu tulipewa karatasi yenye vitenzi 100 vya Kiingereza, vile ambavyo kitenzi kikifuatwa na kineno kidogo maana inageuka kabisa: "give up", "give in", "look after", "look into". Vilipangwa kwa alfabeti, na maana zake ziliandikwa kwa Kiingereza kigumu kuliko vitenzi vyenyewe. Ukiuliza kwa Kiswahili unatozwa faini ya shilingi 200. Tukakariri. Nilikuwa nikiirudia karatasi ile moyoni njia nzima kutoka kambi ya Mandara, mzigo wa kilo 20 kichwani, na nikifika kambi inayofuata, Horombo, vimebaki vitatu.

Baadaye nikapandishwa nikawa mwongoza watalii msaidizi. Usiku mmoja tuliondoka Kibo, kambi ya mwisho, kuelekea Gilman's Point kwenye ukingo wa kreta, kwenye ile changarawe ambayo ukipiga hatua moja inakurudisha nusu. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akanishika mkono na kuniambia kwa sauti ndogo: "I'm going to pass out." "Pass" nilikijua, ni kupita. "Out" nilikijua, ni nje. Nikaelewa anataka nimpishe. Nikauachia mkono wake, nikasogea pembeni, nikammulikia njia kwa taa ili apite. Akaanguka kifudifudi. Alikuwa ameniambia kwamba anazimia.

Tulimshusha watu wawili, yeye katikati, kwa kuwa mlima ukimkamata mtu dawa ni kushuka. Tulipofika Horombo, mita 3,720, alikuwa na nguvu za kuomba chai. Alinishukuru. Lakini mimi nilijua kwamba alinishika mkono nikamwachia, na sikumwachia kwa uzembe. Nilimwachia kwa sababu "pass out" ilikuwa kwenye karatasi yangu, herufi ya P, na hakuna aliyewahi kuniambia kwa lugha yangu kwamba ni kuzimia.

Ndiyo maana darasa langu linaanza na neno la Kiswahili: piga. Nawauliza wanafunzi, mgeni aliyejifunza kwenye kamusi kwamba kupiga ni kuchapa, ukimwambia "tupige hema" atafanya nini? Atatafuta fimbo. Kisha tunaanza kuhesabu: piga simu, piga pasi, piga picha, piga magoti, piga mswaki, piga hodi, piga kura, piga chafya, piga kambi. Msimu huu walifikisha 31, na katika hizo zote hakuna anayeumia. Mpishi mmoja, mama wa rika langu, alinyamaza kidogo akasema, "Kumbe mwalimu, na sisi tunavyo!" Tangu jioni ile hakuviogopa tena. Alikuwa amedhani Waingereza wametunga vitenzi vile ili kumkomoa mgeni, akagundua kwamba yeye mwenyewe amevitumia vya aina hiyo tangu utotoni.

Kutoka hapo tunakwenda kwenye mikia. Kiswahili hugeuza maana kwa kukibadilishia kitenzi mkia: funga, fungua, fungia, fungana. Kiingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo, kikakiwekea mkia pembeni. Darasani tunaviita vitenzi vya mkia, na tunavisoma kwa kazi badala ya kwa alfabeti. "Put" peke yake inatosha siku nzima ya mlimani: "put on" ni kuvaa koti asubuhi, "put up" ni ileile piga ya kupiga hema, "put out" ni kuzima moto, "put off" ni kuahirisha safari ya kileleni hali ya hewa ikichafuka. Kila kimoja tunakifanya kwa mikono. Tuna hema bovu tunaloliinua na kuliangusha mpaka majirani wanakuja kuchungulia.

Muundo wa sentensi nao nauingia kwa mlango huohuo. Naweka begi sakafuni na kusema "pick it up". Daima kuna anayesema "pick up it". Simkemei. Naandika ubaoni ni-na-li-beba, kisha nauliza begi liko wapi katika neno hilo. Wanaliona: ni ile "li", imekaa katikati. Basi Kiingereza nacho kinalikalisha begi katikati, kati ya kitenzi na mkia wake. Nawaambia pia ukweli kwamba vipo visivyokubali kupasuliwa. "Look after it" ni sahihi na "look it after" ni kosa, na hilo linaingia kwa kulitumia tu.

"Guests they are coming" ni kosa la karibu kila mtu, na limetoka kwenye "wa" ya "wanakuja". Mtu akionyeshwa lilikotoka, halichukui muda kukatika. Kuchanganya "he" na "she" kunachukua muda mrefu zaidi, maana "a" yetu haina habari na mwanamume wala mwanamke.

Kosa linalonitisha zaidi ni dogo kuliko yote. Kibo hakuna chanzo cha maji, wapagazi huyabeba kutoka chini. Sasa mgeni anauliza njiani, "Isn't there water at Kibo?" Kijana wetu anajibu "Yes", kwa maana ya "ndiyo, hakuna", kama tunavyojibu nyumbani. Mgeni anasikia kwamba yapo. Anamaliza chupa yake akiwa bado kule tambarare, jua la utosi, upepo umemkausha midomo. Kijana hajasema uongo na mgeni hajakosea kusikia. Ni lugha mbili zinazolijibu swali la kukanusha kwa njia mbili tofauti, na tofauti hiyo huwezi kuieleza kwa mtu wa miaka 35 bila kuziweka lugha zote mbili mezani. Sisi tumeizoeza midomo kutoishia kwenye "yes" au "no". Jibu liende na kitenzi chake: "No, there isn't."

Najua watakaosema kwamba mtoto hujifunza lugha kwa kuisikia tu. Mtoto ana mchana kutwa wa kusikia, na hakuna anayemkata mshahara akikosea. Mwanafunzi wangu anakuja saa kumi na mbili jioni, ametoka shambani au mlimani, ana saa moja na nusu kabla ya kwenda kuwapikia watoto. Saa hiyo isipotezwe kwa kumfanya bubu.

Nchi hii ililijua hilo zamani. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na baadaye katika kisomo chenye manufaa, wakulima walifundishwa kusoma kupitia pamba na migomba, na wavuvi kupitia uvuvi wao. Mama yangu alijifunza kuandika jina lake miaka hiyo, na aliingia darasani na ulimi wake.

Ombi langu ni mambo mawili. Wenye madarasa ya jioni waiondoe ile faini, na wachapishe vijitabu kwa kazi za watu: cha mpishi, cha mpagazi, cha muuza duka, cha mhudumu wa mapokezi, maelezo yakiwa kwa Kiswahili. Na gazeti lako, Ndugu Mhariri, litupe kona ndogo kila wiki, kitenzi kimoja na mikia yake. Nitaikata na kuibandika ubaoni. Masika hii, wageni wakiwa wachache mlimani, nina wanafunzi 17, na Alhamisi tunaanza "run". Wapishi wameomba tuanze na "run out", maana mtungi wa gesi huwaishia hukohuko juu na hawajui wamwambieje mgeni anayesubiri supu.

Mpagazi wa zamani,
Marangu Mtoni, Kilimanjaro