Templeti ipo kwenye laptop, seva inasema haipo

Simu nyingi tunazopigiwa na wateja wanaopandisha mifumo yao ya Python hewani huanza hivi: "Kwangu inafunguka vizuri, kwenye seva inaleta 500." Namba 500 maana yake kuna kosa ndani ya seva. Ukifungua logi (kumbukumbu ya matukio ya seva) unakuta TemplateDoesNotExist kama mfumo umejengwa kwa Django, au TemplateNotFound kama ni Flask; zote mbili ni zana za kujengea tovuti kwa Python. Maana yake ni kwamba templeti, yaani faili la HTML lenye muundo wa ukurasa, halikupatikana. Mteja anaapa kwamba faili lipo, kaliona kwa macho yake. Ni kweli lipo. Ila seva imelitafuta kwa jina jingine, au imelitafutia mahali pengine.

Kwa hiyo kabla hujagusa mstari wowote wa programu, tazama kwanza jina lililoandikwa mwisho wa kosa lile. Lisome herufi kwa herufi.

Mteja wetu mmoja ana mfumo wa ada za shule. Kurasa zote zilifunguka isipokuwa risiti, na wazazi walikuwa wamepanga foleni dirishani. Logi ilitaja ada/risiti.html. Kwenye folda, faili lilikuwa Risiti.html, R kubwa. Windows haijali tofauti hiyo, na Mac kwa kawaida haijali pia, ndiyo maana laptop yake haikuwahi kulalamika. Linux, ambayo ndiyo iko kwenye seva nyingi, inaona hayo ni mafaili mawili tofauti.

Akabadilisha jina kwenye laptop, akapandisha upya, kosa likabaki pale pale. Hapa wengi hukata tamaa, na tunawaelewa kabisa. Git, programu inayotunza matoleo ya mafaili yako, kwenye Windows huwekwa isijali herufi kubwa na ndogo, hivyo haikuona kwamba kuna kilichobadilika. Dawa yake ni kubadilisha jina kwa kupitia Git yenyewe:

git mv Risiti.html risiti.html

Kisha fanya commit (hifadhi mabadiliko hayo ndani ya Git), na uendeshe git ls-files uone jina ambalo Git inalijua. Hilo ndilo litakalofika kwenye seva, si lile unaloliona kwenye dirisha la folda.

Chanzo cha pili ni njia ya folda. Ukiandika 'DIRS': ['templates'] kwenye settings.py, faili la mipangilio ya Django, unaiambia Django itafute kuanzia pale programu ilipowashiwa. Nyumbani unawasha ukiwa ndani ya folda ya mradi, basi inapata. Kwenye seva, programu huwashwa na huduma nyingine, na inaweza kuanzia hata kwenye mzizi wa mashine. Andika BASE_DIR / 'templates', ili njia ihesabiwe kutoka faili la settings lilipo. Miradi iliyoanzishwa kabla ya Django 3.1 ya mwaka 2020 hutumia os.path.join(BASE_DIR, 'templates'), nayo ni sawa.

Kwa Flask, folda iitwe templates, yenye s mwishoni, na ikae jirani na faili lenye Flask(__name__). Ukitaka Flask ikueleze imepita wapi, weka EXPLAIN_TEMPLATE_LOADING iwe True na ushushe kiwango cha logi hadi INFO, la sivyo maelezo hayo hutayaona.

Yapo na mengine: app iliyosahaulika kwenye INSTALLED_APPS (orodha ya app ambazo Django inazitambua), folda iliyozuiwa na .gitignore au .dockerignore (orodha za mafaili ya kuachwa nje), au mtumiaji anayeendesha programu kwenye seva kukosa ruhusa ya kusoma folda. Na ukisharekebisha, washa upya programu. DEBUG, yaani hali ya kuonyesha makosa kwa undani, ikiwa False, Django huhifadhi templeti kwenye kumbukumbu, kwa hiyo unaweza kuwa umetibu kumbe bado unatazama ukurasa wa zamani.

Tunakusihi kitu kimoja: usiwashe DEBUG kwenye seva iliyo hewani ili tu uone kosa. Ukurasa ule unamwonyesha kila apitaye vipande vya programu yako na mipangilio mingi ya seva. Tumeona watu wakifanya hivyo usiku wakiwa na haraka, wakasahau kuizima hadi asubuhi.

Ukikwama, tutumie mistari 30 ya mwisho ya logi pamoja na majibu ya git ls-files. Tuma maandishi yenyewe, si picha ya skrini, maana kwenye picha ni rahisi kusoma herufi vibaya. Nywila ya hifadhidata na SECRET_KEY (ufunguo wa siri wa mfumo wako) vifute kabla ya kutuma.