Kijana aliyechaguliwa kwenda Marekani: mbona ada hamkuiandika?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma karakanani kila siku, likishasomwa na kila mtu nafutia oili, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Safari hii mmenichokoza. Nazungumzia ile habari yenu ya mwezi wa sita, ya kijana wa kidato cha tano aliyekwenda Marekani kwenye programu ya utafiti wa sayansi ya majira ya joto. Picha nusu ukurasa, mzazi anatabasamu, mkuu wa shule anatabasamu, na kichwa cha habari kinatuambia kachaguliwa kati ya vijana wa dunia nzima. Kijana simlaumu, namtakia heri. Nawalaumu ninyi. Habari yote ile, juu mpaka chini, hamkuandika popote ada ni kiasi gani na nani kailipa.

Msiseme ni jambo dogo. Binti yangu naye yuko kidato cha tano, PCB (fizikia, kemia na bayolojia), na tumekaa naye usiku tukizipekua programu hizi kwenye simu mpaka bando likakata. Haziko sawa hata kidogo. Ipo ile inayofanyika chuo kikuu cha MIT, Research Science Institute, iliyoanza 1984: wiki sita, vijana wapatao 100, na ukichukuliwa hulipi masomo, kitanda wala chakula. Ipo ya Chuo Kikuu cha Texas Tech, Clark Scholars, inayochukua vijana 12 tu kwa wiki saba, na posho juu. Ipo Summer Science Program, iliyoanzia California mwaka 1959, ambako vijana wanakesha na darubini wakipiga picha za asteroidi, kisha wanakokotoa wenyewe njia yake kulizunguka jua. Hiyo ina ada, ila wanaipunguza kwa kuangalia kipato cha mzazi. Huko kweli watu wanachujwa. Nyingine, zile za taasisi za serikali ya Marekani kama NIH, ya utafiti wa afya, zinataka raia wao au mkazi wa kudumu, kwa hiyo sisi wa Kirumba, Mwanza, tusijisumbue. Halafu kuna zile za biashara: wiki mbili, dola maelfu, tiketi juu yako, viza juu yako, na barua ya hongera inaingia haraka kuliko tokeni ya umeme wa LUKU. Hizo zinachuja mifuko. Sasa msomaji wenu atajuaje yule kijana kapita mlango upi? Mwandishi wenu alikuwa na mzazi mbele yake, na kalamu anayo. Angeuliza tu.

Mimi ni fundi wa injini za boti. Wateja wangu wengi ni wavuvi, lakini hata boti za watafiti zikizingua naitwa, kwa hiyo mageti ya ofisi za hapa mjini nayajua. Binti yangu tangu likizo ya Desemba ana jambo lake. Kwa bibi yake, Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, upepo ukisukuma magugu maji yakajikusanya ufukweni, konokono wanaongezeka, yakiondoka wanapungua. Akaanza kuwahesabu kwa ndoo na kuandika kwenye daftari, nikampa buti zangu na glavu maana kichocho hakina undugu. Alichotaka kujua ni konokono wangapi wamebeba vimelea vya kichocho. Mwalimu wake wa bayolojia, Mungu ambariki, alimweleza inavyofanywa: konokono unamweka peke yake kwenye kikombe cha maji safi, unamwacha kwenye mwanga wa jua, kama anavyo vinatoka vyenyewe vinaogelea. Kinachobaki ni hadubini, na mtu anayejua kutofautisha vya binadamu na vya wanyama wengine. Hadubini ya shule lenzi imeota ukungu. Basi nikasema, watafiti wamejaa mjini, twende.

Tukaenda kwenye ofisi moja yenye maabara na boti, jina naliacha. Binti kavaa sare, kashika daftari na barua ya mwalimu. Mlinzi, ambaye tunajuana, akaniuliza, “Fundi, leo kisanduku kiko wapi?” Nikamwambia leo nimemleta mtoto. Akatuelekeza kwenye benchi la nje. Tukakaa hapo mpaka jua likahamia upande wetu. Akatoka dada mmoja wa ofisini, mstaarabu tu, akaisoma barua amesimama, akasema, “Baba, wanafunzi wa sekondari hatupokei. Akifika chuo aje fildi.” Nikamuuliza, je, hata kutazama konokono wake kwenye hadubini dakika chache, mtu wenu akiwa pembeni? Akasema hakuna utaratibu. Daftari hakulifungua, Mhariri. Hata jalada. Siku si nyingi wakanipigia simu wao wenyewe, injini inazima wakifika katikati ya maji. Nikaenda na kisanduku cha spana, geti likafunguliwa mpaka mwisho, chai nikaletewa. Na kwenye boti nikawakuta vijana wawili wageni kutoka Ulaya. Mmoja kaniambia ana miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza kamaliza sekondari kwao, yuko likizo, kaja kujifunza ziwa. Kijana mzuri, kanishikia tochi nikiwa nimeinama. Lakini nawauliza ninyi ambao kazi yenu ni kuuliza: utaratibu wa huyu ulitoka wapi? Maana kama upo wa kumtoa mtu Ulaya kumleta kwenye boti, unakosekanaje wa kumtoa mtoto Kirumba kwa daladala? Nikabadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikaondoka sijasema kitu, kwa kuwa mteja ni mteja. Nayasema kwenu.

Na asije mtu akaniambia sayansi iko huko mbali. Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuja Ghuba ya Mwanza miaka ya 1970 kuwachunguza furu, samaki wadogo wa ziwa hili, na walikuwepo hapa hapa kushuhudia na kuandika namna furu walivyotoweka aina kwa aina sangara alipotawala. Utafiti uliofanyika vijijini mkoa huu kati ya 1991 na 1994, wa kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya, ulionyesha maambukizi mapya ya VVU kupungua kwa karibu asilimia 40. Ukachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1995 na madaktari wa dunia wakausoma. Sisi ndio tuliotolewa damu. Na kichocho cha tumbo wanachougua watoto wa huku ufukweni hakitoki Marekani.

Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, mwaka 1963, alipoona maziwa ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye friji yakiwa moto yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia kachanganyikiwa. Alipofika sekondari ya Mkwawa akamuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakacheka. Osborne alirudi Dar akaagiza maabara ijaribu, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Hakumtaka asubiri afike chuo, na sijasikia kama alimdai dola.

Wapo Young Scientists Tanzania, wanaendesha maonesho ya wanafunzi tangu 2012, na hao nawavulia kofia. Lakini kwenye maonesho unakwenda na utafiti ulioukamilisha. Mimi nazungumzia pa kuufanyia.

Tena nikiwa hapa hapa kwenye likizo, niseme na hili la kambi. Binti alipoomba Juni arudi Kayenze kuendelea na ndoo zake, shule ikasema hakuna, kuna kambi ya masomo. Mchango wa fedha, mchele, maharage, rimu ya karatasi, na asiyekuja atajionea mwenyewe matokeo yake. Masomo ya lazima wakati wa likizo serikali ilishayakataza, kwa hiyo kambi ikabatizwa jina, sasa inaitwa makubaliano ya wazazi. Mimi sikukubaliana na mtu. Mtoto kakaa likizo nzima anakariri pasti pepa za praktiko kuhusu vitu ambavyo hajawahi kuvishika. Na maabara zipo! Mwaka 2014 tulichangishwa kote nchini kwa agizo la Rais Kikwete, kila shule ya kata iwe na maabara tatu, na wengine tulifuatwa na mgambo wa kata mpaka mlangoni. Ya mtaani kwetu, chumba kimoja kimejaa madawati mabovu. Kingine kina masinki na mabomba, mabomba hayatoi maji, na dirishani unaliona ziwa. Hayo nitawaandikia siku nyingine, yana urefu wake.

Ninachopendekeza ni hiki. Kwanza, mkiandika tena kijana kachaguliwa kwenda popote, ada na mlipaji mviandike kwa herufi kubwa kama mlivyoandika jina la shule. Kama ni bure, semeni ni bure, wengine tuombe. Pili, kila ofisi yenye boti na hadubini kwenye mwambao huu, kuanzia Magu mpaka Sengerema, Juni itenge nafasi mbili kwenye boti na kiti kimoja maabara kwa wanafunzi wa shule za kata. Wasiwachuje kwa barua za wakubwa wala kwa Kiingereza cha kwenye fomu. Kila mtoto alete swali lake la ziwa, ukurasa mmoja, mwandiko wa mkono, na daftari la alichokwisha kukiona kwa macho yake. Wasio na daftari warudi nyumbani. Hapo ndipo tutajua nani kachaguliwa na nani kalipiwa, na wala haihitaji semina ya siku tatu hotelini yenye posho na mabango.

Wakisema bajeti ya boti hairuhusu, basi mwezi huo wa Juni injini ya boti itakayobeba hao watoto naifanyia sevisi mimi, bure, plagi na oili juu yangu. Petroli na laifu jaketi watoe wao.

Fundi boti,
Kirumba, Mwanza