Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Posho za Safari za Kikazi

Ndugu wajumbe,

Habari za michango, matawi mapya na mfuko wa rambirambi zimo kwenye taarifa za Katibu na Mweka Hazina mlizogawiwa, nami sitazirudia. Nafasi yangu naitumia kwa suala lililotuletea barua nyingi kuliko jingine lolote: posho ya kujikimu ya watumishi wa umma wakiwa safarini kikazi.

Kuanzia 1 Julai 2022 kiwango cha juu cha posho hiyo kwa safari za ndani kilipanda kutoka Sh 120,000 hadi Sh 250,000 kwa siku, na cha chini kutoka Sh 80,000 hadi Sh 100,000. Tuliishukuru Serikali kwa dhati. Lakini pigeni hesabu: cha juu kilizidi mara mbili, cha chini kiliongezeka robo tu. Aliyebanwa zaidi ndiye aliyepata nyongeza ndogo.

Huko chini wako madereva, wahudumu, watunza kumbukumbu. Dereva anamfikisha bosi wake Dodoma, wanalala mji mmoja, wanakula kwa bei ileile, na alfajiri gari linatakiwa liwe limeshaoshwa. Bei ya chumba haiulizi cheo. Tena Dodoma ya Januari siyo ya Mei. Bunge la Bajeti likianza Aprili, vyumba vinajaa na bei zinapanda mpaka Juni, posho iko palepale. Dereva mmoja, mwanachama wetu, alituletea risiti za safari moja ya Mei: kila usiku nyumba ya wageni tofauti, kila moja mbali zaidi na katikati ya mji kuliko ya jana yake.

Kuna na kero isiyoandikwa kwenye waraka wowote. Kiwango kikipanda huku fungu la matumizi mengineyo, yaani fedha za uendeshaji wa ofisi zinakotoka posho, halijaongezwa, zinazokatwa ni siku. Kazi ya siku tano inaombewa kibali cha siku tatu, na mbili zilizobaki mtumishi anajilipia. Wengine wanatangulia kwa fedha zao wakiahidiwa kulipwa wakirudi, kisha madai yanakuwa malimbikizo. Aliyechukua masurufu, yaani fedha za safari zinazotolewa kabla na kutolewa hesabu baadaye, akichelewa kuyarejesha, anakatwa kwenye mshahara. Hilo silipingi, ni fedha ya umma. Ila mwajiri naye awekewe siku ya mwisho ya kulipa anachodaiwa.

Kwa hiyo Kamati Tendaji inaomba ridhaa yenu tupeleke Serikalini pendekezo kwamba viwango vipitiwe kila mwaka kabla mafungu hayajapangwa, kwa kufuata bei halisi za malazi na chakula za kila mji, na nyongeza ianzie chini. Jambo hili linawezekana. Serikali ya shirikisho ya Marekani hupitia viwango vyake kila mwaka, na vya mwaka mpya huanza kutumika Oktoba. Miji yenye gharama kubwa ina viwango vyake, na baadhi hubadilika kwa msimu. Mji wetu mkuu, wenye msimu wake wa Bunge unaojulikana na kila mtu, unastahili utaratibu wa namna hiyo.

Mezani hatutaenda na malalamiko matupu. Makatibu wa matawi wakusanye nakala za risiti za malazi na vibali vya safari, majina yafutwe, zimfikie Katibu kabla ya mwisho wa Oktoba. Risiti za Aprili hadi Juni ndizo tunazozihitaji zaidi.