Barua ya wazi kwa mheshimiwa mwenye dhamana ya nyumba zetu za Mji Mkongwe

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua za ofisini hazijibiwi. Juzi usiku, mvua ikiendelea kunyesha, ukuta wa juu ya ngazi ulimeguka. Alhamdulillahi hakuna aliyekuwa akipita. Asubuhi tulikuta mawe ya matumbawe na udongo vimetapakaa mpaka barazani, na kichwa cha boriti kimetokeza, kimeoza, ukikigusa kwa kidole kinamomonyoka.

Boriti hiyo unaijua. Ulipanda ngazi hizo hizo, ukaiangalia, ukatuahidi mafundi kabla ya masika. Masika ndiyo haya.

Nyumba hizi hazikujengwa ovyo. Kuta zina unene wa karibu nusu mita, mawe yameshikana kwa chokaa na udongo, na vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya takriban mita tatu. Ukuta wa chokaa unapumua: ukinywa mvua, jua likiwaka unakauka. Wetu ulipigwa plasta ya saruji na mafundi mliowaleta wenyewe. Naamini ugonjwa ulianzia hapo, maana tangu siku zile unyevu umebaki ndani, chumvi inachanua ukutani, na boriti zinaoza mahali jicho lisipofika. Bomba la jirani nalo linavuja, sikatai, lakini lilikuwa likivuja tangu zamani na ukuta ulisimama.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka jumba likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki. Kama jumba lile lilianguka mchana mbele ya macho ya wote, sisi wa kichochoroni tutegemee nini?

Mji huu umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Wageni wanaupiga picha mlango wetu wa kuchonga. Sisi tunaupita huku tukitazama juu. Mama yangu hashuki tena chini. Chakula tunampandishia, daktari tunambembeleza apande.

Hatuombi kuhamishwa, wala hatutaki saruji nyingine. Tuletee fundi anayeijua chokaa, na boriti mpya juu ya ngazi. Fundi wa chokaa, Mheshimiwa, na boriti. Wiki hii, tafadhali, maana mvua haijaisha.

Mpangaji wako,
Mji Mkongwe, Unguja