Mdogo wangu anauza Jumamosi, nusu ya hela ni yangu

Mchungaji, Bwana asifiwe.

Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wenzangu, nikaona humfungi mtu mdomo kwa mstari mmoja wa Biblia ukampita. Ndiyo maana nimepata moyo wa kukuandikia.

Mimi ni Msabato wa kuzaliwa, Mpare wa milimani, wilaya ya Same. Usabato uliingia nchi hii kupitia huku kwetu mwaka 1903, ukiletwa na wamisionari kutoka Ujerumani, kwa hiyo kwenye familia kama yetu Sabato si jambo ambalo mtu anakuja kujifunza ukubwani. Ijumaa ni maandalio: kuni zinaletwa, maji yanajazwa, chakula cha kesho kinapikwa, na jua likizama hakuna anayeuliza bei ya kitu chochote.

Baba alituachia shamba la tangawizi, mimi na mdogo wangu wa kiume. Hakuligawa. Alisema tulilime pamoja na mama ale humo. Mama yupo kwangu, ana presha, na dawa zake zinatoka kwenye hiyo tangawizi. Mdogo wangu alioa binti wa Kilutheri, akahamia huko, sasa anasali KKKT. Hatukugombana kwa hilo, ingawa mama alinuna mwaka mzima.

Shida yetu ni siku ya soko. Wanunuzi wenye bei nzuri wanapanda na fuso Jumamosi asubuhi, mzigo ushuke Dar es Salaam usiku na uwahi soko la Jumapili. Katikati ya wiki wapo madalali wa huku huku, lakini hao bei yao inauma, na wengine wanachukua kwa mkopo kisha simu haipokelewi. Basi tukajiwekea utaratibu. Mimi nasimamia palizi, zamu ya maji, kuvuna na kuosha mpaka Ijumaa mchana. Yeye anauza Jumamosi. Jioni ananitumia nusu yangu kwa simu, na hajawahi kuituma kabla jua halijazama. Sikumwomba afanye hivyo. Anaiheshimu Sabato yangu kuliko baadhi ya tunaokaa nao benchi moja.

Msimu uliopita mgongo ukaanza kumsumbua. Akaniomba: "Dada, njoo usimame tu pale kwenye mizani. Usiuze, usishike hela. Wakikuona wanaogopa." Ni kweli wananiogopa, maana mimi sikubali lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo mpaka linafungwa kilemba juu. Sheria inakataza, lakini fuso likiwa moja na wakulima kumi wamepanga magunia barabarani, mwenye gari ndiye anayeamua. Nikamwambia siwezi, nikaenda kanisani.

Siku hiyo mizani haikutoka garini. Walinunua kwa gunia, na kila gunia lilivishwa kilemba. Jioni hela yangu ikaingia kamili kama tulivyotarajia, nikamshukuru Mungu. Ni baadaye sana wifi yangu aliponiambia kwamba hasara yote mdogo wangu aliikata kwenye nusu yake. Nilipomuuliza akacheka tu: "Dada, wewe unaishika Sabato, mimi naibeba."

Tangu hapo sijakaa sawa.

Nilimwendea mzee wa kanisa. Akanijibu kwamba hakuna tatizo, kwa sababu anayeuza ni yeye na dhambi ni yake. Kwa upole alisema, lakini nilitoka pale nimechoka zaidi. Huyo ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Kama kweli ni dhambi, nitalalaje usingizi nikijua inamwangukia yeye ili mimi nibaki safi? Na kama si dhambi kwake, kwa kuwa Paulo anawaambia Warumi kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe, basi mbona amri ya nne inawataja na wengine waliomo nyumbani? "Wewe, wala mwana wako, wala binti yako, wala mtumwa wako," mpaka mgeni aliye ndani ya malango yako. Naisoma naona kama Mungu alijua tutatafuta mtu wa kutufanyia kazi sisi tukiwa tunaimba.

Wengine wananiambia habari ya kondoo aliyetumbukia shimoni siku ya sabato. Mimi hiyo siichukui. Gunia la tangawizi halilii, na likikaa mpaka Jumatatu halifi. Mama naye ananitajia Nehemia aliyewafukuza wachuuzi malangoni Yerusalemu. Sawa, lakini Nehemia alikuwa liwali na alikuwa na malango ya kufunga. Mimi hata geti sina.

Kinachonisumbua hasa ni Isaya 58. Sote tunaijua kwa ule mstari wa 13 wa kugeuza mguu usiihalifu sabato. Nimeusikia tangu nikiwa Shule ya Sabato ya watoto. Lakini juu yake, sura hiyo hiyo, mstari wa 7 unasema "wala usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe." Jumamosi ile mimi nilikuwa nimejificha wapi, Mchungaji? Yesu alisema "Mkinipenda, mtazishika amri zangu," na akasema pia tupendane. Sitaki kuvunja moja nikisingizia nyingine.

Nimefikiria kumwambia tuuze Jumatatu kwa madalali, wote wawili. Hapo mimi nitakuwa na amani, lakini yeye ana watoto watatu shuleni, na nitakuwa nimemvisha nira ya imani ambayo si yake. Nimefikiria pia nikatae nusu yangu ya mauzo ya Jumamosi. Mimi ningeweza kubana, ila dawa za mama haziwezi. Mama mmoja wa Dorkasi, kikundi cha akina mama kanisani, ananishauri tugawane shamba, kila mtu auze siku yake. Huo ndio ushauri rahisi kuliko yote na ndio ninaouogopa, maana huku kwetu ndugu wakishapanda mipaka, misiba tu ndiyo inayowakutanisha.

Naomba unisaidie katika haya. Je, kusimama kwenye mizani ili ndugu yangu asidhulumiwe ni kazi, au ni tendo jema la Sabato? Hela inayopatikana saa ambazo mimi nipo kanisani, nikiipokea jua likishazama, imekuwa halali kwangu? Na ile hasara aliyoibeba peke yake nataka kumrudishia nusu, lakini wifi aliniambia kwa siri. Nimrudishie vipi bila kumgombanisha na mkewe?

Tangawizi iliyoko shambani itakuwa tayari mwezi ujao, na mgongo wake bado haujapona. Ukijibu, tafadhali usitaje kijiji.

Dada Mkubwa,
Same, Kilimanjaro