Kaka Shabani, pawatila sinunui

Naaldwijk, Uholanzi

Shikamoo kaka. Mimi mzima, baridi tumeshaizoea. Ujumbe wako wa kutaka ninunue pawatila, yaani trekta dogo la kulimia la kuongozwa kwa mikono, umefika, lakini Halima alikutangulia: kumbe umeshaweka arubuni, na umewaambia watu mdogo wako wa Ulaya atamalizia! Hilo limeniuma. Mwenye fedha ndiye wa mwisho kujua?

Halafu hapo nyumbani Lukozi, kwenye milima ya Lushoto, pawatila itapita wapi? Ngazi nyingine za shamba letu la mteremkoni hata ng'ombe hageuki. Kinachotumalizia hela za vibarua si kulima, ni kumwagilia na kupalilia. Kiangazi Mama anashinda na ndoo tangu alfajiri.

Nisikilize, maana mwaka huu nimekabidhiwa usimamizi wa safu nzima za nyanya, Waholanzi wenyewe wananiuliza mimi. Nyanya za huku zinapanda kwenye kamba, shina linavuka mita 10, tunalishusha na kulilaza huku kileleni likiendelea kuzaa. Kuchavusha maua wameachiwa nyuki wanene wenye manyoya, wananunuliwa kwa masanduku. Hayo tuwaachie. Dripu, yaani mipira yenye matundu inayodondosha maji kwenye kila mche, tunaiweza.

Tangi la lita 1,000 likae ngazi ya juu kabisa, mlima wenyewe utasukuma maji bila petroli. Weka chujio, la sivyo matope ya mfereji yataziba matundu. Mipira uilaze kufuata ngazi, isishuke mteremko, au miche ya chini itakunywa na ya juu ikauke. Kisha tandaza majani makavu: magugu yanapungua, unyevu unakaa. Na majani ya nyanya yasipolowana, ugonjwa wa bakajani nao unapungua. Kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, hajali dripu, huyo endelea kumkagua. Halafu maotea, yale machipukizi ya pembeni ya shina, ung'oe, kaka! Unayaonea huruma, ndiyo maana nyanya zako zinatoka kama golori.

Maji kidogo yakitutosha, huenda hata vita vya zamu ya mfereji na Baba Mdogo vikapoa. Simsemi vibaya mzee, ila siku ya Idi alinikatia simu.

Fedha ya tangi na mipira namtumia Mama, usinune. Arubuni irudishwe. Nyanya za huku zinang'aa, lakini leo ningepata bada ya Mama, ule ugali wa muhogo, na kisamvu ningelia. Halima apime urefu wa kila ngazi anitumie, nijue tununue mipira mita ngapi kabla kiangazi hakijakolea.

Mdogo wako,
Rama