Mama, huku mwezi tunauona

Shikamoo Mama, na wote hapo nyumbani Pangani nawasalimu sana. Mimi mzima alhamdulillah, kile kifua kimeisha, baridi ndo bado ipo ila nshazoea. Juzi kwenye simu uliniuliza huko mwezi mnauona au mataa yamewaziba, afu mtandao ukakata kabla sijajibu. Leo nakuandikia kabisa maana jibu lenyewe refu na nimekaa nalo muda.

Tunauona Mama. Tena nimekuja kuujua zaidi hukuhuku Hartford, Marekani, kuliko nilivyokuwa nauona pale uani kila siku bila kuutazama.

Kama unavojua nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nikitoka asubuhi siku ambazo sipandi basi natembea kwa miguu Asylum Avenue, na njiani kuna mawe ya graniti yamesimamishwa, 13, kila jiwe limechongwa ubeti mmoja wa shairi. Theluji ikianguka yanafunikwa, mara ya kwanza nilipangusa moja na glavu nikijua ni kaburi la mtu, nikakuta maneno yanazungumzia ndege mweusi. Kumbe ndo njia aliyokuwa anapita mshairi mmoja anaitwa Wallace Stevens, nyumbani kwake Westerly Terrace mpaka ofisini, kama kilomita 4 hivi, asubuhi anakwenda jioni anarudi, na gari hakujifunza kuendesha mpaka anakufa. Alikuwa mwanasheria wa bima Mama, sio mtu wa kukaa na washairi wenzake mahotelini. Kaingia kampuni ya hapa mwaka 1916, mwaka 1934 wakampa umakamu wa rais wa kampuni, amefariki 1955 bado yumo kazini. Mashairi anayatunga kichwani huku anatembea, akifika ofisini anampa sekretari ampigie taipu, afu anakaa na mafaili yake ya madai.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja pale kazini, mwalimu mstaafu, macho yake yamekwenda karibu yote. Kila usiku nikiingia kumgeuza ananiuliza, umetoka? Nasogeza pazia namwambia umetoka, uko juu ya lile paa la gereji, mwekundu kidogo, umeliwa upande. Ananyamaza anauangalia kichwani mwake, namwona kabisa anauangalia. Siku moja niliteleza nikamwambia kwa Kiswahili, leo umeandama, akataka kujua nimesema nini, ikabidi nimweleze kwamba kwetu mwezi mpya hauzaliwi kama wanavosema wao, unaandama, unamfuata mwenzie aliyekwisha, na kwamba neno la mwezi wa mbinguni ndo hilohilo la mwezi wa mshahara. Alifurahi mpaka akanishika mkono. Akaniambia kwenye droo kuna kitabu cha yule mtu wa mawe, nisomee.

Basi tunasoma, kila usiku kidogo, wenzangu wakishalala upande wa pili.

Nilichokielewa ni hiki, na nimekielewa polepole maana mashairi yake magumu. Kwa Stevens jua ni vitu vyenyewe jinsi vilivyo, ukuta ni ukuta, barafu ni barafu, haina cha kuongezewa. Mwezi ni ile nguvu ya mtu kuwazia, kichwa kinavyokichukua kitu na kukipa sura, ndo maana mwanga wake ni wa kuazima kutoka kwenye jua lakini usiku unabadilisha kila kitu ulichokizoea. Na hakuuamini peke yake! Kwenye kitabu chake cha kwanza, cha 1923, kuna shairi refu la msafiri anayetoka Bordeaux kwa meli kuja huku Marekani, na safari yake yote ni kupanda na kushuka kati ya jua na mwezi, akizidi upande wa mwezi anapotea kwenye maneno matamu, akizidi upande wa jua anakauka. Nilipolisoma hilo nilifikiria watu wangapi huku ughaibuni tunaishi hivohivo, mchana kazi tupu, usiku tunajenga Pangani ambayo sidhani kama ipo tena.

Ujue wakati wake mwezi ulikuwa umechoka. Washairi wa Ulaya waliutumia miaka na miaka, machozi mwezi, mpenzi mwezi, mpaka vijana wakaudhika. Mwaka 1909 Muitaliano mmoja Marinetti akaandika tangazo kabisa kwamba tuuwe mwanga wa mwezi, anataka mashine na taa za umeme. Mwaka huohuo Muingereza T. E. Hulme akautoa kwenye shairi fupi tu, mwezi umeegemea uzio kama mkulima mwenye uso mwekundu, basi, hakuna kulia hakuna kuzimia. Mimi huyo Hulme nampenda kuliko Marinetti, maana hakuua kitu, kausafisha.

Lakini lililonishika koo ni shairi la Stevens la mtu aliyekaa juu ya jalala. Jua linazama, mwezi unapanda, na chini yake takataka zote, makopo, magodoro ya marehemu, viatu, na humo jalalani ndo zimetupwa sifa zote kuukuu za mwezi. Ni kama zile za kwetu, uso wako mwezi wa 14, wewe mbalamwezi wangu, zote zimetupwa. Ndipo mwezi unachomoza ukiwa mwezi tu, kwenye mbingu tupu. Na yule mtu pale juu ya uchafu anafanya nini? Anapiga kopo. Kopo kuukuu la mafuta, anapiga na kupiga kutafuta kile anachokiamini.

Mama, nilisimama kusoma. Yule mwalimu akauliza vipi, nikashindwa kumjibu.

Nilikuwa nakumbuka ule usiku mwezi ulipopatwa, wanaume wako msikitini kwenye swala ya kupatwa, na sisi watoto Bibi yetu wa hapo nyumbani katutoa nje na debe la mafuta ya kula na sufuria bovu, pigeni, chatu kaumeza, pigeni auachie. Nilipiga mpaka mdomo wa debe ukanikata hapa chini ya kidole gumba, alama ninayo. Mjomba akatoka akasema Mama unawadanganya watoto, ni kivuli cha dunia tu, wamesoma shule. Na Bibi akamjibu, wala hakugeuka, najua, we pigeni. Najua, we pigeni! Miaka yote nilidhani Bibi ni ushamba tu wa zamani. Alijua vizuri kwamba chatu hayupo, na bado aliona hatuwezi kukaa kimya mwezi unazimika tukaacha ujirudie wenyewe kama hautuhusu. Na ulivyorudi, ule ukingo mwembamba mweupe upande wa mtoni, tulishangilia kana kwamba tumeutoa sisi kwa mikono yetu.

Nilimsimulia yule mwalimu mpaka saa kumi alfajiri. Kaniambia mshairi angelipa nauli ya meli kumsikia Bibi yako.

Sasa Mama nina ombi. Maneno ya ule wimbo tuliokuwa tunaimba na debe nimebaki na kipande tu, nyingine zimeniponyoka. Nirekodie kwa sauti unitumie WhatsApp, na mdogo wangu akupigie debe nyuma, debe kweli, asipige meza. Macho ya yule mama hayaoni ila masikio yake mazima, na nimemwahidi ataisikia kabla mwezi mwingine haujaandama.

Hela ya dawa za Baba Mdogo natuma Ijumaa.

Mwanao